MIWANI USONI SI USHAHIDI WA KUONA

Msimu wa kahawa uliopita nilikuwa Kamuli, wilayani Kyerwa, kwa shughuli za Chama. Shughuli zilipomalizika, balozi mmoja wa nyumba kumi aliniomba nikae kidogo nishuhudie usuluhishi wa wazee. Shauri lilikuwa la butura. Wasiotoka Karagwe na Kyerwa wafahamu kwamba butura ni kuuza kahawa ingali shambani, bado mbichi juu ya mti, kwa bei ya shida, ili mwenye shida apate fedha za karo au za matibabu. Ni biashara ambayo Serikali imeikataza mara nyingi, na ambayo njaa ya mwezi wa tatu huirudisha kila mwaka.

Mlalamikaji alikuwa mzee mwenye umri wa zaidi ya miaka sitini, mtu wa heshima, amevaa koti na miwani yenye fremu nyeusi. Alidai kwamba alikubali kutoa magunia matatu ya maganda. Karatasi aliyoitia saini ilisema magunia manane. Mnunuzi, kijana mtulivu asiyepandisha sauti, alijitetea kwa sentensi moja tu: “Wazee wangu, alipewa karatasi akaisoma mwenyewe, alikuwa amevaa miwani.”

Baraza likanyamaza. Hoja ilionekana imekwisha. Mtu aliyevaa miwani, karatasi mkononi, akatikisa kichwa kisha akatia saini, atasemaje kwamba hakuona? Ndipo mzee mmoja mwenye busara akachukua ile karatasi, akampa mlalamikaji, akamwomba aisome kwa sauti. Mzee wetu akaisogeza mbali, akaileta karibu, akainamisha kichwa, akainua kichwa. Akasoma jina lake, ambalo bila shaka analijua kwa moyo. Alipofika kwenye tarakimu akasema: “Tatu.” Ilikuwa nane.

Akaulizwa miwani ile alipimiwa wapi. Akajibu kwamba hakupimiwa popote. Ilikuwa ya marehemu kaka yake.

Wazee walipatanisha kwa magunia matano. Mnunuzi akapoteza matatu aliyoyatazamia, na mzee akatoa mawili ambayo hakuyaahidi. Sina neno juu ya hukumu ile. Wazee walifanya walivyoweza, na wote wawili walikwisha kosea kwa kuingia katika butura. Lakini niliondoka Kamuli nikiwa na jambo moja moyoni, nalo ndilo ninaloliandika leo. Magunia yale mawili ya kahawa ndiyo bei ya jozi moja ya miwani isiyopimwa. Tena kilichomponza mzee yule hakikuwa kukosa miwani. Kilichomponza ni kuwa nayo. Angekuwa hana, angeomba mjukuu amsomee. Kwa kuwa alikuwa nayo, watu wote waliokuwapo, na yeye mwenyewe akiwa wa kwanza, waliamini kwamba anaona.

Ndugu zetu wa visiwani, wa Bumbire, Goziba, Kerebe, Ikuza na Mazinga, huenda mkauliza: shauri la kahawa za Kamuli latuhusu nini sisi tulio katikati ya maji? Latuhusu sana. Kamuli iko upande wa mpaka, milimani. Ninyi mko ziwani, upande wa mashariki. Lakini kwa habari ya macho mko mtaa mmoja. Wa Kamuli akitaka kupimwa macho na mtaalamu aliye na vifaa kamili, huna budi kumhesabia nauli ya gari, siku za kazi zilizopotea, na malazi. Wa Goziba akitaka vivyo hivyo, huna budi kumhesabia nauli ya boti na hali ya ziwa siku hiyo. Kwa hiyo wote wawili hufanya jambo lile lile. Hungoja mchuuzi apite na kisanduku, au hurithi miwani ya marehemu.

Na kazi za visiwani zadai macho zaidi kuliko kazi nyingine nyingi. Mshona nyavu hufunga fundo juu ya uzi mwembamba. Mchambua dagaa hutenganisha dagaa na mchanga. Mwenye duka husoma tarehe ya mwisho ya matumizi juu ya kopo la dawa. Mama humpimia mtoto dawa ya maji katika kijiko kwa kufuata maandishi madogo ya chupa. Mkosaji wa jambo hili la mwisho hapotezi magunia mawili.

Kabla ya kusema nani afanye nini, yafaa tuelewane kwanza jicho hufanyaje kazi, maana nusu ya makosa yetu yatokana na kudhani kwamba miwani ni namna ya dawa. Watu wa kale wengi walidhani kwamba jicho hutoa nuru inayokwenda kukigusa kitu. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965, ndiye aliyeonyesha kwa hoja na majaribio kwamba mambo ni kinyume chake: nuru hutoka kwenye kitu ikaingia jichoni. Jicho ni mpokeaji. Mbele yake mna kioo hai, yaani lenzi, kinachoikusanya nuru iangukie sawasawa juu ya utando ulio nyuma ya jicho, uitwao retina. Kutoka huko mshipa hupeleka habari kwenye ubongo.

Sasa, miwani hufanya kazi moja tu katika safari hiyo yote. Huipinda nuru kabla haijaingia jichoni, ili iangukie mahali pake. Haiponyi jicho, wala hailiharibu. Kama kioo cha ndani kimeingia ukungu, miwani haiwezi kukifuta. Kama utando wa nyuma umeharibika, miwani haiwezi kuushona. Kama mshipa umekufa, miwani haiwezi kuufufua. Mwenye kuvaa miwani na bado haoni vizuri hana budi kujiuliza swali hili: je, tatizo langu ni la kupinda nuru, au ni la jicho lenyewe? Na swali hilo hawezi kulijibu peke yake sokoni.

Tuanze na matatizo ya miwani yenyewe. La kwanza ni umri. Kuanzia miaka arobaini hivi, kioo cha ndani ya jicho hukakamaa, nacho hushindwa kujivimbisha ili kutazama karibu. Ndiyo maana mtu aliyekuwa akisoma vizuri huanza kuisogeza karatasi mbali, hata mkono ukawa mfupi. Hili si ugonjwa. Ni kama mvi, nalo humpata kila mwanadamu, msomi kwa asiye msomi. Lakini halisimami. Nguvu ya miwani inayomtosha mtu mwenye miaka arobaini na mitatu haimtoshi akifika hamsini, wala ile ya hamsini haimtoshi akifika sitini. Wako watu wengi ambao walipimwa vizuri kabisa, wakapewa miwani sahihi kabisa, miaka kumi na miwili iliyopita. Leo wanailaumu taa, wanalilaumu gazeti kwamba limepunguza maandishi, lakini miwani hawaishuku.

La pili ni kwamba macho mawili ya mtu mmoja si lazima yalingane. Miwani ya kisandukuni ina nguvu sawa pande zote mbili. Atakayebahatika kuwa na macho yanayolingana itamfaa. Mwenye macho yasiyolingana ataona kwa jicho moja, na jingine litakuwa abiria. Aidha, wako ambao uso wa jicho lao haukuviringana sawasawa, ukapindika upande mmoja zaidi ya mwingine. Hao huona mistari ikiwa na kivuli, na tarakimu 3, 6 na 8 zikifanana. Kwao miwani ya kawaida ya sokoni haisaidii hata ingekuwa na nguvu kiasi gani.

La tatu ni kuvaa miwani ya kazi moja kwa kazi nyingine. Miwani ya kusomea ni ya umbali wa kitabu. Mwenye kutembea nayo njiani, au kupanda nayo botini, huona ardhi imejaa ukungu na ngazi haipo pale mguu unapoitarajia. Hata ile miwani yenye sehemu mbili, juu ya mbali na chini ya karibu, yataka tahadhari, kwa sababu atazamaye miguu yake hupitia sehemu ya chini, ambayo si ya umbali ule. Wazee wetu wanaoteleza kwenye gati, nasi tukasema ni uzee, yafaa tuwatazame usoni kwanza.

La nne ni dogo, lakini ni la kila siku, nalo ni mikwaruzo. Mchanga wa ufukweni, magamba ya samaki, vumbi la barabara, na pindo la shati kavu linalofutia yote hayo, huifanya miwani kuwa kama kioo cha dirisha la jikoni. Lenzi iliyokwaruzika haifutiki. Hubadilishwa.

Haya yote manne dawa yake ni kupimwa upya na kupata miwani nyingine. Lakini kuna kundi la pili, nalo ndilo la kuogopesha, kwa sababu humo miwani huwa pazia linaloficha moto.

Kuna mtoto wa jicho. Huyu ni ukungu unaoingia katika kioo cha ndani, polepole, bila maumivu. Jua kali ni mojawapo ya visababishi vyake, pamoja na umri, kisukari na sigara. Ninyi wa ziwani mnalipata jua mara mbili, la juu na linaloakisiwa na maji. Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Mtoto wa jicho wa aina fulani, anapoanza, hubadilisha nguvu ya kioo cha ndani kiasi kwamba mzee aliyekuwa hawezi kusoma bila miwani, ghafla aweza. Huivua, hushukuru, huwaambia majirani kwamba macho yake yamerudi ujanani. Hayakurudi. Wakati huo huo uoni wake wa mbali unazidi kufifia, na baada ya muda hata huo wa karibu humtoka. Vivyo hivyo, mtu anayebadilisha miwani kila baada ya miezi michache, na kila mpya ikamfaa kitambo kisha ikamchosha, huenda hafukuzi miwani bali anamfukuza mtoto wa jicho. Huyo dawa yake ni upasuaji, ambao hutoa kioo kilichoharibika na kuweka cha bandia, na aliyepasuliwa vizuri huona tena.

Kuna presha ya jicho, ambayo wataalamu huiita glakoma. Hii ni mwizi mwenye adabu. Huanza kuiba pembeni, huacha katikati. Mgonjwa aweza kusoma mstari mdogo kabisa na miwani yake, huku hawaoni watu waliosimama kushoto na kulia kwake. Hujigonga mlangoni, hukanyaga kuku, na watu humcheka. Kilichoibwa na glakoma hakirudi, wala kwa miwani wala kwa kisu. Matibabu huzuia tu wizi usiendelee. Kwa hiyo anayechelewa hana cha kurudishiwa. Wenye umri wa zaidi ya miaka arobaini, na hasa ambao mzazi au ndugu yao alipofuka hivyo, hawana ruhusa ya kutosheka na miwani ya sokoni.

Na kuna kisukari. Sukari ikipanda katika damu, maji ya ndani ya kioo cha jicho hubadilika, na nguvu yake hubadilika nayo. Mtu akipimwa miwani siku sukari yake iko juu, miwani hiyo yaweza isimfae wiki chache baadaye, sukari ikishuka. Atasema fundi alimdanganya. Hakudanganywa. Alipimwa mwili wake ukiwa katika vurugu. Tena kisukari kisichotunzwa huharibu mishipa midogo ya utando wa nyuma, na hapo tena miwani haina mamlaka.

Nisije nikaonekana ninawasema wazee wa Kamuli peke yao, nami nina la kuungama. Nilipokuwa mtoto chuoni, maalimu wetu alikuwa akishika msahafu mbali na uso wake, mkono umenyooka, nasi watoto tulikuwa tukicheka kimyakimya tukidhani ni madaha. Nilipopita miaka arobaini na mitatu nikajikuta mkono wangu umenyooka kama wake. Nikanunua miwani mnadani kwa bei ya kilo moja ya samaki. Niliichagua kwa kutazama lebo ya kopo la maziwa kwenye meza ya mchuuzi. Miaka mitatu nilisoma mihutasari ya vikao kwa miwani ile, nikiumwa kichwa kila jioni, nikisema ni uchovu wa kazi. Siku moja, mbele ya mkutano, nilisoma mchango wa kijiji kimoja kuwa shilingi laki tatu, nao ulikuwa laki nane. Mwenyekiti wa kijiji hicho alisimama akiwa na stakabadhi mkononi, na kwa dakika kadhaa watu walinitazama kama mwizi. Nilipopimwa, nikaambiwa macho yangu hayalingani hata kidogo. Jicho la kulia ndilo lililokuwa likifanya kazi zote. Basi mzee yule wa Kamuli aliposema “tatu”, mimi sikucheka.

Yawezekana msomaji akadhani kwamba haya ni mambo ya watu wachache. La. Uchunguzi uliofanywa wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, uliwakuta zaidi ya watu 6 katika kila 10 wenye miaka arobaini na kuendelea wakiwa na upungufu huu wa kuona karibu. Uchunguzi mwingine, wa Zanzibar, uliochapishwa mwaka 2010, uliwakuta karibu watu 9 katika kila 10 wa umri huo wakiwa nao, na waliokuwa na miwani ya kukidhi haja hiyo hawakufika hata mmoja katika kila watano. Kongwa ni bara kavu, Zanzibar ni kisiwa. Kagera tuna vyote viwili, bara na visiwa. Hatuna sababu ya kujidhania kwamba sisi tumesalimika.

Wala asiseme mtu kwamba hii ni anasa ya wanaosoma magazeti. Huko Assam, nchini India, wachuma majani ya chai wenye umri wa miaka arobaini na kuendelea waliopewa miwani ya karibu waliongeza uchumaji wao kwa zaidi ya asilimia 20 kupita wenzao ambao hawakupewa; matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018. Nchini Bangladesh, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba watu wa vijijini wenye umri kati ya miaka 35 na 65 waliopewa miwani ya kusomea walipata kipato cha juu kwa theluthi moja baada ya miezi minane. Kuchuma chai na kuchuma buni nyekundu ukaacha za kijani ni kazi za jicho lile lile. Kufuma Bangladesh na kushona wavu Bumbire ni kazi za jicho lile lile. Mkoa unaolilia ubora wa kahawa, ukamwacha mchambuzi wa kahawa bila macho, unakata tawi uliloliketia.

Kuna jambo jingine linalowahusu viongozi wetu hasa. Mwaka 1968 mradi wa majaribio wa kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, uliosaidiwa na UNESCO, ulianzishwa ukiwa na makao yake Mwanza, ukahudumia mikoa minne ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao ndio Kagera ya leo. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Kwa takwimu za Serikali za mwaka 1986 hawakufika mmoja katika kila kumi. Taifa lilitoa jasho, fedha na jioni zake kwa kazi hiyo. Lakini aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1975, akishika kalamu kwa mara ya kwanza chini ya mwembe, leo amefikia sabini. Herufi bado anazijua. Hazioni. Tumemrudisha katika ujinga ambao tulimtoa kwa gharama, si kwa kumsahaulisha, bali kwa kumwacha afifie.

Sasa, nini kifanyike? Hapa nataka kusema neno na ndugu zetu watumishi wa Serikali, na hasa wenye kuandika taarifa. Tumezoea kuhesabu vitu. Kambi ya macho ikija wilayani, taarifa huandikwa: jozi kadhaa zimegawiwa. Mgeni rasmi amepiga picha, wazee wamevishwa, watu wamepiga makofi. Lakini nani alirudi baada ya miezi sita kuuliza kama wale wazee wanaona? Mwezi Mei mwaka 2021, katika mkutano mkuu wa 74 wa Shirika la Afya Duniani, nchi wanachama zilikubaliana shabaha ya mwaka 2030, nayo ni kuongeza kwa pointi 40 za asilimia idadi ya wanaopata huduma ya miwani yenye kufaa. Tulitazame neno hilo “yenye kufaa”. Katika hesabu hiyo, mtu haingizwi kwa kuwa ana miwani. Huingizwa akiwa nayo na akawa anaona vizuri nayo. Mzee wa Kamuli, kwa hesabu yetu ya kambi, amehudumiwa. Kwa hesabu hiyo ya dunia hayumo. Na hata kwa dunia nzima, Shirika hilo linakadiria kwamba watu 36 tu katika kila 100 wenye upungufu wa kuona mbali unaoweza kurekebishwa kwa miwani ndio waliopata inayowafaa.

Kwa hiyo basi, twaiomba Serikali katika ngazi ya mkoa na wilaya iyapime mambo manne.

Kwanza, kila zahanati, ya bara na ya kisiwani, iwe na chati ya kupimia uoni wa mbali na kadi ya uoni wa karibu, pamoja na mtu mmoja aliyefundishwa kuzitumia. Si vifaa vya gharama kubwa. Huko Bangladesh kazi hiyo ilifanywa na wahudumu wa afya wa vijijini, nasi tunao mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa mwaka 2024. Waongezewe kazi hiyo na mafunzo yake. Mwenye tatizo dogo apate miwani ya kusomea hapo hapo. Mwenye dalili za ugonjwa apewe rufaa.

Pili, mtu aliyevaa miwani apimwe akiwa ameivaa. Hili laonekana dogo lakini ndilo kiini cha makala haya. Katika upimaji mwingi, mwenye miwani husemwa: “Wewe unayo tayari, kaa pembeni.” Huyo ndiye wa kuitwa mbele.

Tatu, wataalamu wa macho wa hospitali wawe na ratiba ya kudumu, inayojulikana, ya kuvifikia visiwa na kata za pembezoni, si kungoja mfadhili. Siku moja katika miezi mitatu, iliyotangazwa misikitini, makanisani na minadani, ni bora kuliko kambi kubwa isiyojulikana itarudi lini. Na katika kupanga mafao chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, upimaji wa macho na miwani ya kawaida visisahauliwe.

Nne, mahali panapofanyika mikataba, iwe chama cha msingi, benki, ofisi ya kijiji au mwalo, karatasi isomwe kwa sauti mbele ya shahidi aliyechaguliwa na mtiaji saini mwenyewe. Miwani usoni isichukuliwe kuwa ushahidi kwamba amesoma.

Najua litakalojibiwa. Litajibiwa kwamba mkoa una malaria, una vifo vya uzazi, una barabara mbovu, na kwamba bajeti ni ndogo. Ni kweli. Lakini tusiyatenge macho na mambo hayo. Anayesoma kipimo cha dawa ya malaria ni jicho. Mkunga anayeshona jeraha ni jicho. Dereva wa barabara ile mbovu ni jicho. Litajibiwa vile vile kwamba tuwafukuze wachuuzi wa miwani. Hilo silikubali. Mchuuzi amewafikia watu mahali ambapo sisi hatukufika, na kwa wengi wenye macho yanayolingana miwani yake inafaa. Kosa si lake kuuza, bali ni letu kumwachia yeye awe ndiye daktari.

Nanyi wananchi, msiingoje Serikali katika yale yaliyo mikononi mwenu. Leo hii, ukiwa umevaa miwani yako, ziba jicho moja utazame, kisha uzibe jingine. Ukiona tofauti, usinyamaze. Ukiona ukungu, au taa zenye duara la rangi, au unajigonga pembeni, au umebadilisha miwani mara tatu kwa mwaka, nenda hospitali. Ukiona kiza cha ghafla, nenda siku hiyo hiyo. Miwani ya marehemu izikwe kwa heshima pamoja na kumbukumbu zake. Isirithiwe kama shamba. Mwenye kisukari asipimwe miwani kabla sukari haijatulia. Kila aliyepita miaka arobaini apimwe, na arudi baada ya mwaka mmoja au miwili, hata kama haoni shida. Na watoto mlio mjini, mnaotuma fedha za sukari na mchele, tumeni nauli ya kumpeleka mama kupimwa macho. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha upofu huumbuliwa mapema zaidi, mbele ya watu, akiwa na karatasi mkononi.

Wiki kadhaa baada ya usuluhishi ule, balozi alinipasha habari kwamba mjukuu alimpeleka mzee hospitali. Akakutwa na mtoto wa jicho katika jicho la kulia, na la kushoto lahitaji miwani ya nguvu nyingine kabisa. Yaani miwani ya kaka yake isingalimfaa hata siku moja, kwa jicho lolote. Anangojea zamu yake ya kupasuliwa. Kwa sasa, akiletewa karatasi, huivua miwani ile, huiweka mfukoni mwa koti, na kumwita mjukuu.

Alipokuwa ameivaa tulidhani anaona. Sasa ameivua, naye anasomewa kweli. Tukimfikisha mahali ambapo ataivaa iliyo yake na kusoma “nane” kwa kinywa chake, hapo ndipo na tuandike katika taarifa kwamba mtu mmoja amehudumiwa.